Daftari la majeruhi: tunachoweza kujifunza kutoka hospitali za vita

Katika somo la toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie kazi ambayo wengi wetu huiona ni ya makarani, yaani kujaza rejista. Tunajua wauguzi watakunja uso. Hata hivyo, tunaomba wajumbe wa kamati za afya, watumishi wa zahanati na vituo vyetu, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wasome hadi mwisho kabla ya kugeuza ukurasa.

Tuanze na kisa cha kweli. Kijana mmoja dereva wa bodaboda alianguka kwenye matope wakati wa masika. Alipata jeraha mguuni chini ya goti, likiwa na udongo na changarawe ndani. Alipelekwa kituo kimoja ambacho hatutakitaja, akasafishwa, akashonwa nyuzi kadhaa, akapewa sindano na vidonge, akarudi nyumbani. Siku ya nne mguu ulivimba. Siku ya nane alikwenda duka la dawa akauziwa vidonge vingine. Wiki ya tatu alifika hospitali iliyo mbali na nyumbani akiwa na usaha unaotoka mfupani, na hatimaye mguu ulikatwa.

Baadaye tulifungua rejista ya chumba cha vidonda cha kile kituo cha kwanza. Jina lake lilikuwamo, na safu ya matokeo ilikuwa na neno moja: "Ameruhusiwa." Tulipogeuza kurasa za nyuma tuliona neno hilo hilo kwa karibu kila mgonjwa. Kwa mujibu wa daftari lile kituo hakikuwa na tatizo lolote la uambukizo wa majeraha. Na watumishi hawakudanganya hata kidogo, maana ni kweli mgonjwa aliruhusiwa.

Waliowahi kukutana na tatizo hili kwa ukubwa wake ni madaktari wa majeshi. Baadhi ya wasomaji watauliza vita vinatuhusu nini sisi wakulima na wafugaji wa Mbulu na Hanang. Kwanza, vita haviko mbali kama tunavyodhani. Tarehe 7 Desemba 2017 wanajeshi wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani walishambuliwa huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini. Zaidi ya kumi waliuawa na wengi zaidi wakajeruhiwa, na kuna familia nyingi nchini ambazo bado zinaikumbuka siku hiyo. Pili, jeraha la vita na jeraha la bodaboda au la jembe la kukokotwa na ng'ombe yana ndugu mmoja, nao ni uchafu. Udongo, samadi, vipande vya nguo na nyama iliyokufa ndivyo vinavyolisha bakteria, bila kujali kilichotoboa ngozi ni risasi au mwamba.

Majeshi yalianza kuandika majeruhi zamani. Mwaka 1966, wakati wa vita vya Vietnam, daktari wa upasuaji Norman Rich wa hospitali ya Walter Reed nchini Marekani alianzisha rejista ya askari waliojeruhiwa mishipa ya damu, akaendelea kuwafuatilia kwa miaka mingi baada ya vita kwisha. Katika vita vya Iraki na Afghanistani, kuanzia mwaka 2004 hivi, jeshi la Marekani lilijenga rejista moja ya majeruhi kwa uwanja mzima wa vita. Kila majeruhi aliandikwa aliumia vipi, alifika saa ngapi, alifanyiwa nini na akapelekwa wapi. Safari yake ilikuwa ndefu: kutoka kituo kidogo karibu na mapigano, hospitali ya uwanjani, hospitali ya Landstuhl huko Ujerumani, na mwisho hospitali kubwa za Marekani. Ukiondoa ndege, ni safari inayofanana na ya mgonjwa wetu anayetoka zahanati kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya na hatimaye Haydom au Babati.

Sasa tazama kilichotokea. Madaktari walipochambua rejista hiyo kuu na kuchapisha matokeo mwaka 2011, waliona kwamba majeruhi walioandikwa kuwa na uambukizo walikuwa takriban asilimia 5.5 tu. Mtu angeweza kupiga makofi. Lakini tangu mwaka 2009 kulikuwa na utafiti mwingine ulioongezwa juu ya rejista hiyo, uliolenga uambukizo peke yake. Watafiti waliwafuata majeruhi waliopitia Landstuhl hadi wodini Marekani, na baadhi yao hata baada ya kuruhusiwa. Huko waliona kwamba takriban theluthi moja walipata uambukizo. Ni haki tuseme kwamba makundi haya mawili hayalingani moja kwa moja, kwa sababu waliosafirishwa hadi Marekani walikuwa wameumia zaidi. Hata ukipunguza kwa sababu hiyo, tofauti bado ni kubwa, na sehemu yake inatokana na jambo rahisi: usaha hauonekani siku ya kwanza. Wengine walipata uambukizo wao wa kwanza baada ya kutoka hospitali, na ule wa mfupa unaweza kujitokeza baada ya miezi. Rejista iliyofungwa mapema haiwezi kuuona.

Wasomaji wa Luka sura ya 10 watakumbuka kwamba Msamaria hakuishia kumimina mafuta na divai. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, na akaahidi kupita tena. Huo nao ni ufuatiliaji.

Je, taarifa hizo zilibadili huduma, au zilibaki kwenye kompyuta? Tutoe mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa bakteria aitwaye asinetobakta. Askari wengi waliotoka Iraki walikuwa na bakteria huyu, naye alikuwa sugu kwa dawa nyingi. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba anatoka kwenye udongo wa Iraki na kuingia jerahani wakati wa kuumia. Dhana hiyo ilikuwa tamu kwa kila mhudumu, kwa kuwa udongo hauwezi kujitetea. Wachunguzi walipopima udongo, ngozi za askari na hospitali zenyewe, waliona kwamba chanzo kikubwa kilikuwa ndani ya hospitali za uwanjani: vitanda, vifaa na mikono. Taarifa ya uchunguzi huo ilitoka mwaka 2007. Baada ya hapo mkazo ukahamia kwenye kunawa mikono, kutenganisha wagonjwa, na kuacha tabia ya kumpa kila majeruhi antibiotiki zenye nguvu kubwa "kwa usalama". Miongozo ya jeshi ya mwaka 2008, iliyoboreshwa mwaka 2011, ilisisitiza mambo ambayo muuguzi wa zahanati anayafahamu: safisha jeraha mapema, ondoa nyama iliyokufa, toa antibiotiki ndani ya saa tatu tangu kuumia, chagua dawa inayolenga bakteria wanaotarajiwa, na usiiendeleze bila sababu.

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi wa Manyara. Kuanzia mwaka 2009 hivi, majeruhi waliotoka kusini mwa Afghanistani walianza kupata fangasi wanaokula nyama ya jeraha. Kwa daktari mmoja mmoja ilikuwa bahati mbaya ya mgonjwa mmoja. Rejista ndiyo iliyoonyesha wagonjwa hao wanafanana: walilipuliwa wakitembea kwa miguu, miguu yao ilikatika juu ya goti, na waliongezewa damu nyingi mno katika siku ya kwanza. Mwongozo maalumu ukaandaliwa. Majeruhi mwenye sifa hizo akawa anachukuliwa sampuli ya nyama mapema, bila kungoja ukungu uonekane kwa macho. Jeraha lake likawa linasafishwa kwa dawa ya Dakin, ambayo ni maji ya klorini yaliyozimuliwa sana, yaliyobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. (Tunasisitiza: hii haina maana kwamba mtu amimine jiki kwenye kidonda nyumbani. Ataunguza nyama nzima iliyobaki.)

Kwa nini tunasema mfano huu unatugusa? Jumapili alfajiri, tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo yaliteremka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Kila aliyefika pale aliona majeruhi waliotolewa kwenye tope zito, na majeraha yao yamejaa tope hilo hilo. Huko Colombia mwaka 1985, volkano ya Nevado del Ruiz ilipoleta mafuriko ya matope na kuuangamiza mji wa Armero, baadhi ya manusura walipata fangasi wa aina ileile iliyowapata askari baadaye. Vivyo hivyo baada ya kimbunga cha mwaka 2011 katika mji wa Joplin, Marekani. Kwa hiyo mtu mwenye jeraha la tope ni wa kufuatiliwa kwa wiki kadhaa, si siku mbili. Maafa yakitokea tena, Mungu apishe mbali, tungependa kila majeruhi awe na mstari wake kwenye daftari linaloeleza jeraha lilikuwa na nini ndani, na lilikuwaje wiki ya nne.

Kuna uzoefu mwingine wa karibu ambao hauhitaji mashine kubwa. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa uliendesha hospitali ya Lopiding huko Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, kuanzia mwaka 1987 hadi ilipokabidhiwa kwa serikali ya Kenya mwaka 2006. Ilihudumia majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan, ambao wengi walifika siku nyingi baada ya kuumia. Shirika hilo hilo limekuwa likisaidia upasuaji katika hospitali ya Ndosho mjini Goma, iliyo ya kanisa la Kibaptisti la CBCA, na Januari 2025 mapigano yalipoingia Goma hospitali hiyo ilifurika majeruhi. Kanuni wanayoifuata ni ya zamani: jeraha chafu husafishwa vizuri kwenye upasuaji, kisha huachwa wazi chini ya bandeji. Baada ya siku nne au tano hufunguliwa. Likiwa safi ndipo hushonwa.

Hapa tunaomba tukae kidogo, maana ndipo penye ugomvi kati ya wahudumu na jamii. Mgonjwa wetu anapenda kushonwa. Akirudishwa nyumbani na jeraha lililo wazi, ndugu husema, "Yule nesi hajui kazi, hata uzi hakutia." Muuguzi naye, kwa kuogopa lawama, anashona. Jeraha la kisu safi lililofika mapema halina shida kushonwa. Lakini jeraha la tope, la kung'atwa na mnyama, au lililokaa muda mrefu, ukilishona siku ya kwanza umewafungia bakteria ndani ya nyumba yenye chakula na kufuli mlangoni. Dereva wetu wa bodaboda alishonwa namna hiyo. Hatuwezi kuapa kwamba nyuzi zile ndizo zilizompotezea mguu. Daftari halikuandika jeraha lilioshwa kwa maji kiasi gani, wala kama alikuwa na mfupa uliovunjika, wala sindano aliyopewa ilikuwa ipi na saa ngapi. Ndiyo maana hata leo hatuna cha kumwambia mama yake zaidi ya pole.

Tukirudi kwenye daftari, hatuna haja ya kwenda Amerika kutafuta ushahidi kwamba kuandika kunaokoa watu. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyoanza kazi mwaka 1955, imefanya hivyo kwa watoto wachanga. Kuanzia mwaka 2009 kila uzazi hospitalini hapo uliangaliwa na kuandikwa na wasaidizi waliofundishwa. Mwaka 2010 wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Walifanya vizuri sana kwenye mwanasesere. Takwimu zikaonyesha jambo la aibu kidogo: kwenye kitanda cha kujifungulia, walichokifanya hakikubadilika. Bila daftari, kila mtu angeamini mafunzo yamefaulu, na taarifa nzuri ingepelekwa kwa wafadhili. Mwaka 2011 wakabadili mbinu, wakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Kazi hiyo ilikua hadi kufikia vituo 30 katika mikoa mitano, Manyara ikiwamo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Sisi tulio waratibu wa miradi tungepaswa kuisoma habari hiyo kila tunapoandika kwenye ripoti kwamba "watu kadhaa wamepata mafunzo".

Basi daftari la majeruhi la zahanati liwe na nini? Kitabu cha MTUHA cha wagonjwa wa nje kinabaki palepale na hakiguswi. Tunachopendekeza ni daftari la kawaida la mistari, liwekwe chumba cha vidonda. Kwa kila jeraha chafu au kubwa iandikwe saa ya kuumia na saa ya kufika, kwa sababu tofauti yake ndiyo inayoamua mengi. (Mara nyingine tofauti hiyo itaonyesha kwamba mgonjwa alizunguka kwanza kutafuta PF3. Iandikwe hivyo hivyo.) Iandikwe kilichokuwa ndani ya jeraha: udongo, samadi, kitambaa, maji ya mtoni. Iandikwe lilioshwa kwa nini na kwa wingi gani. Maji safi ya kunywa, mengi, yanafaa. Kisha kama lilishonwa au liliachwa wazi, jina la antibiotiki na saa ya dozi ya kwanza, na chanjo ya pepopunda.

Kuhusu pepopunda tuseme neno moja la ziada. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na akina mama huongezewa kinga wanapokuwa wajawazito. Mwanaume mtu mzima, ambaye ndiye mwenye jembe, shoka na pikipiki, anaweza kumaliza miaka 30 bila kuongezewa hata mara moja. Ukimuuliza kama amechanjwa atasema ndiyo, akikumbuka sindano yoyote aliyowahi kuchomwa. Kwa hiyo safu hiyo isijazwe kwa kuuliza tu. Asipokuwa na kadi, achukuliwe kuwa hana kinga.

Safu zinazobaki ndizo ngumu: siku ya 3, siku ya 7 na siku ya 30. Siku 30 si namba ya kubuni. Ndiyo muda unaotumika kimataifa kuhesabu uambukizo wa kidonda cha upasuaji wa kawaida, na ni siku 90 endapo kuna chuma kilichowekwa ndani. Mgonjwa asiporudi, apigiwe simu, yake au ya jirani. Maswali ni manne tu: kidonda kimefunga? Kuna usaha? Umepata homa? Umetumia dawa nyingine au kwenda mahali pengine? Pasipo mtandao, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite. Mpango mpya wa wahudumu hao ulizinduliwa na serikali mwaka 2024, na kufuatilia vidonda ni kazi inayowafaa kabisa. Namba za simu na habari za mgonjwa zitunzwe kabatini, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi tusio na kompyuta.

Kikwazo kikubwa tunachokiona si muda wala karatasi. Ni hofu. Muuguzi mmoja alituambia waziwazi, "Nikiandika usaha, mganga mkuu atakuja kuniuliza mimi." Ana haki ya kuogopa, kwa kuwa mara nyingi ndivyo tulivyotumia taarifa: kutafuta mkosaji. Katika kikao cha mwezi, kamati iangalie majeraha yote yaliyopata usaha kwa pamoja, majina yakiwa yamefichwa, na iulize yanafanana nini. Je, yote yalichelewa? Yote yalishonwa? Yote ni ya wiki ile maji yalipokatika? Kituo ambacho daftari lake linaonyesha uambukizo kisichukuliwe kuwa kibaya kuliko jirani yake mwenye kurasa safi. Tumeshaona asilimia 5.5 ilivyoweza kudanganya hata jeshi lenye fedha.

Maswali ya kujadili katika kamati:

Fungueni rejista ya vidonda ya miezi mitatu iliyopita. Ni wagonjwa wangapi mnaojua hali yao ilikuwaje baada ya wiki mbili?

Katika kata yenu, jeraha la tope likiachwa wazi, nani atawaeleza ndugu sababu, na kwa maneno gani?

Mgonjwa akipewa rufaa, je, saa ya dozi ya kwanza ya antibiotiki huandikwa kwenye fomu anayokwenda nayo? Na hospitali ikimpokea, habari zake huwarudia ninyi kwa njia gani?

Ni mwanaume gani katika kamati hii mwenye kadi ya chanjo ya pepopunda? Ailete kikao kijacho.